Farasi wa Gurjit

Gurjit Singh hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Alishafungua injini za malori, za matrekta, hata ya ndege ndogo moja iliyoanguka shambani, na zote zilimtii. Lakini Jumamosi ile, ndani ya gereji yake nyuma ya Kirinyaga Road, akiwa amefunga kilemba kipya cha buluu kwa ajili ya wageni, alikuwa anaogopa kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya pipa la oili. Na aliyeileta ni binti yake wa kumzaa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Gereji ile ilikuwa na dinamomita, mashine ya kupima nguvu za injini, aliyoiacha marehemu babake. Injini hufungwa upande mmoja ikazungusha gurudumu lililozama ndani ya maji, na kadiri inavyojikaza ndivyo mkono mrefu wa chuma unavyoivuta mizani ya mshale, yenye uso mpana kama sinia. Nguvu za farasi zinasomwa hapo, hadharani. Mwenye gari hualika jamaa zake waje kushuhudia. Chai ipo, bhajia zipo, na namba ikitoka nzuri watu hupiga makofi utadhani wamekuja harusini.

Sasa Ravneet, aliyesomea uhandisi, alikuwa ameing'oa mizani ile akaweka kihisi kidogo cha kupima mvuto, kinachoenea kiganjani, na nyaya za kupeleka habari zote kwenye kompyuta.

"Hii haibahatishi, Papa," alimwambia, na macho ya Gurjit yakaukimbilia mkono wa chuma.

Maana mkono ule wa chuma ulikuwa na matundu mawili. La kwanza lilitobolewa kiwandani. La pili, lililo karibu zaidi na mashine, alilitoboa Gurjit mwenyewe baada ya kumzika babake, wakati wateja walipoanza kuhamia kwa jirani ambaye mizani yake ilikuwa na ukarimu. Ukiifunga mizani kwa boliti kwenye tundu lile la ndani, hulemewa zaidi, na injini ya farasi tisa husoma kumi. Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka gereji isimame. Gereji ilisimama, na boliti haikurudi mahali pake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Gurjit alijiona ndiye kata pekee.

Siku chache kabla, Ravneet aliinama na futi kuupima mkono ule.

"Papa, hii tundu ingine ni ya nini?"

"Ya zamani tu," alijibu, akajifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Ravneet hakuuliza tena. Gurjit naye hakulala vizuri tangu hapo. Injini ya kupimwa ilikuwa ya Mbugua wa mtaa wa Karen, mpenzi wa magari ya kale, na mwaka uliopita injini hiyohiyo ilisoma farasi mia na themanini mbele ya mkewe na wakwe zake. Leo mashine ya haki ingesoma mia na sitini na kitu. Je, wale farasi wengine angewaambia wageni wamekufa kwa ukame?

Mbugua alifika na ndugu zake. Rasiklal, muuza vipuri aliyesoma na Gurjit tangu shule ya msingi, alikuwa ameshakalia kiti chake cha siku zote karibu na bhajia. Gurjit akawasha injini, akaongeza mafuta taratibu mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Wote wakakodolea macho skrini.

Mia na themanini na moja.

Makofi yalilipuka. Mbugua alimkumbatia kila aliyekuwa karibu. Gurjit alishusha pumzi, na wallahi kwa dakika hiyo alifurahi. Kisha akatazama mkono wa chuma. Kihisi kilikuwa kimefungwa kwenye tundu la pili, tundu lake.

Alizima injini, akamsogelea binti yake.

"Umeiambia kompyuta ipigie hesabu tundu gani?"

"La kwanza," alisema Ravneet, macho kwenye nyaya. "Kama vile wewe ulikuwa unafanya."

"Kwa nini?"

"Ningefanya nini, Papa? Mbele ya watu wote?"

Huyu ndiye mtoto ambaye akiwa darasa la tatu alimrudishia mwalimu mtihani, akilia, kwa sababu alikuwa ameongezewa maksi. Leo amedanganya kwa mikono yake safi, na aliyemfundisha ni baba. Haya ilimpanda Gurjit kutoka miguuni hadi chini ya kilemba. Akageuka, akainua mkono.

"Ngojeni. Hiyo namba si ya kweli. Mimi—"

Rasiklal alimshika kiwiko. "Wacha tu, Gurjitbhai. Kunywa chai."

"Hapana, Rasikbhai, lazima niseme."

"Tunajua," Rasiklal alisema polepole.

Makofi yakakoma. Mbugua akaanza kuchunguza ncha za viatu vyake.

"Mnajua nini?"

"Mzee Singh," Mbugua alikohoa, "hii street yote inajua. Mtu akisema gari yake iko na farasi mia, anaulizwa, ni wa kawaida ama ni wa Gurjit? Kama ni wa Gurjit, tunatoa kumi. Lakini engine zako ni safi, hakuna mtu anaeza enda kwingine."

Gurjit alikumbuka makofi yote ya miaka yote. Kumbe walikuwa wakimsitiri, kama unavyompigia makofi mtoto anayeimba vibaya. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Na wewe ulijua?" alimuuliza Ravneet.

"Tangu chuo. Walikuwa wananicheka nayo." Aliielekezea kidole kompyuta. "Nilileta hii kompyuta ndio iishe. Halafu leo asubuhi nikaona umefunga kilemba mpya."

Gurjit aliinama penye mashine. Aliokota spana, akaifungua boliti kwenye tundu lake, akaihamishia kwenye tundu la kwanza. Boliti ilimponyoka mara mbili, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Kompyuta usiiguse," alimwambia Ravneet. "Iache hivyo hivyo."

Akawasha tena. Mabati yakatetemeka vilevile. Skrini ikasema mia na sitini na tatu, naye akaisoma namba hiyo kwa sauti, kama babake alivyokuwa akizisoma. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inafaa.

Mbugua ndiye aliyeinama karibu na skrini, akakuna kidevu.

"Na hawa sasa ni farasi wa nani?"

"Wa Ravneet," alisema Gurjit, na hakuweza kuinua macho aone kama binti yake amesikia.