Hisa Zisitoke Nje ya Nyumba

Dobi Mkuu, baba wa kampuni, alikuwa akiikunjua shuka ya hospitali anakwambia mgonjwa alikuwa anaumwa nini, na kama alipona au alitolewa kwa mlango wa nyuma. Ndivyo walivyosimulia wafanyakazi wake, na hakuna aliyebisha, maana mgonjwa mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa. Alianza na ndoo moja na kamba ya kuanikia, akaishia na jengo la ghorofa moja: chini mashine za kufulia, boila na meza za pasi, juu ofisi, na nyuma ya ofisi vyumba viwili vya kuishi. Kusoma alijifunzia kwenye maboksi ya sabuni. Siku alipoigeuza kazi yake kuwa kampuni, wakili alimsomea katiba ndefu, yenye kurasa juu ya kurasa kama kitunguu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yote mazuri. Ila langu silioni."

Akaagiza liandikwe kwa maneno yake, lisiguswe hata nukta: *Hisa za mtu akifa zisitoke nje ya nyumba.*

Wakili akamwonya kuwa neno nyumba ni pana. "Hata mimi ni mpana," mzee akajibu, akatia sahihi kwa mkono uliochubuka na magadi.

Alipofariki, wanawe watatu walirithi mafungu sawa. Kifungua mimba aliitwa Mwenyekiti, hata na mkewe. Wa pili alikuwa binti. Kitinda mimba ndiye aliyefanya kazi yenyewe, akaishi palepale juu na mkewe, na ndiye ambaye moyo ulimgomea ngazini, mikononi ana furushi la vitambaa vya meza. Vitambaa havikuchafuka. Alivikumbatia mpaka chini.

Mkewe wafanyakazi walimwita Mama Wanga, kwa sababu ndiye aliyechanganya wanga wa kukazia kola. Kola iliyopita mikononi mwake ilisimama wima hata mwenyewe akiwa amelala chali kwa ulevi. Lakini wifi yake alilitamka jina hilo kwa kulivuta, "Mama Waaanga," huku akitazama pembeni, ili asikiaye ajue kuwa hasemi habari za nguo, anasema habari za wale wanaoruka na ungo.

Msiba ulipopoa, tajiri mmoja wa vituo vya mafuta akaja kukitazama kiwanja. Alipima kwa miguu, akanusa hewa, akatabasamu. Mwenyekiti naye akatabasamu. Wifi hakutabasamu tu, alicheka. Kizuizi kilikuwa kimoja: katiba ilisema jengo haliuzwi mpaka mafungu yote matatu yakubali. Fungu lisilo na mtu halina kauli, na yaliyobaki huamua bila lenyewe. Na fungu likiwa na watu wawili wasioelewana, nalo halina kauli. Kwa hiyo kama Mama Wanga ataandikwa mwanahisa badala ya marehemu, atasema hapana na boila itaendelea kunguruma. Asipoandikwa, dobi na vyumba viwili vya juu vitakuwa pampu za dizeli, na yeye atakuwa mjane mwenye furushi barabarani. Hesabu hiyo haikuhitaji shule.

Mahakama ilikwisha kumfanya msimamizi wa mirathi. Ilibaki kikao cha kampuni kukubali kumwandika.

Kilikaliwa ofisini, asubuhi, sakafu ikitetemeka kwa mashine za chini. Wakili alikuwa yuleyule wa mzee, sasa amezeeka na kukonda kiasi kwamba akisimama kando ya kabati ungetaka kumfungua uweke mafaili. Alisoma ombi, akamgeukia Mwenyekiti.

"Wakurugenzi mnasemaje?"

"Tunasema pole," Mwenyekiti akasema. "Shemeji tunampenda. Lakini maneno ya baba yako wazi. Zisitoke nje ya nyumba. Nyumba ni sisi, damu. Shemeji aliingia kwa mlango. Aliyeingia kwa mlango hutokea mlangoni."

"Na mlango uko pale," wifi akaongeza, akaonyesha kwa mdomo, kana kwamba wamesahau ulipo.

Mama Wanga alikuwa amekaa na mikono mapajani, mikono yenye makovu madogomadogo ya pasi. Usiku kucha alikuwa ameligeuza neno lile kama anavyogeuza shati, mbele, nyuma, mikono, kola.

"Shemeji," akasema, "jana ulipotoka hapa ulituagaje?"

"Nilisema naondoka. Kwani kosa?"

"Ulisema, 'Acha niwahi, nyumba imenuna.' Tofali ndilo lililonuna, au bati?"

Wakili akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayekificha kicheko.

"Na wewe wifi. Mumeo alipokuacha ulilia kwenye hili bega langu la kushoto. Ulisema, 'Wifi, yule mwanamke kanivunjia nyumba.' Nilienda kwako kesho yake na sufuria la uji. Sikuona ufa hata mmoja ukutani."

"Usinichimbe, Mama Waaanga!"

"Sikuchimbi, nakufukua. Baba mkwe mwenyewe, Mungu amrehemu, akiulizwa habari za mama mkwe alikuwa anajibu nini? 'Nyumba yangu haijambo, ila magoti.' Nyumba gani ina magoti? Mzee wetu hakujua kuandika maneno ya vitabuni. Aliandika anavyosema. Na alivyosema, mwanamume nyumba yake ni mkewe. Mume wangu kafa. Hisa zisitoke nje ya nyumba yake. Nyumba yake ndiyo hii imekaa hapa."

Chini, mashine ya kukamulia ikafika mwisho wa mzunguko wake, ikapiga kelele kama mbuzi, ikanyamaza. Wakili akavua miwani.

"Mimi nilikuwepo siku linaandikwa," akasema. "Na nilimsikia akizungumza maisha yake yote. Anachosema mama huyu ndicho mzee alichomaanisha. Ningekuwa hakimu, ningekubali."

Mama Wanga alitegemea kelele. Alitegemea Mwenyekiti apige meza, wifi azimie kidogo, kama alivyozimia kwenye mazishi mpaka alipoona pale alipotaka kuangukia pana matope. Badala yake ndugu wale wawili walitazamana, wakatulia. 

"Basi sawa," Mwenyekiti akasema taratibu. "Andika, wakili. Nyumba maana yake mke. Sote tumekubali?"

"Tumekubali," wifi akasema.

Wakili akaandika kwenye muhtasari. Wote wakatia sahihi, na Mama Wanga akatia yake, kalamu ikiteleza kwa jasho. Wino haujakauka, wifi akainuka, akaenda kwenye mlango uleule aliouonyesha kwa mdomo, akaufungua.

"Karibu ndani, mdogo wangu."

Akaingia mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa gauni la kijivu lililoshonwa vizuri, vidole vyake vina alama za sindano. Akasimama karibu na kiti asikikalie.

"Huyu ni fundi cherehani," Mwenyekiti akasema. "Marehemu ndugu yetu alikuwa na nyumba mbili. Moja hii hapa juu ya boila. Ya pili ndiyo hiyo. Wakili, neno tumeshakubaliana. Nyumba ni mke. Watu husema nyumba kubwa, husema nyumba ndogo. Ikiwa ndogo, si nyumba?"

Mama Wanga akahisi ghorofa nzima imesogea hatua moja upande.

Si kwamba hakujua. Mpiga pasi haambiwi. Kwa miaka mingi mashati ya mumewe yalikuwa yanaondoka nyumbani na mikono laini, yeye hakupenda kuutia mkono alama, na mara kwa mara yalirudi yana mkunjo mkali kutoka begani mpaka kwenye kifungo, mkunjo ulionyooka kama wembe. Mkono wa mtu mwingine. Mtu makini, asiye na haraka, mwenye mapenzi na kazi yake. Yeye aliyanyunyizia maji mashati yale akaufuta mkunjo, hakusema neno, na mume hakusema neno, na shati likatoka tena kesho yake. Wakati mwingine, akiufuta, alimwonea wivu yule mtu kwa unyoofu wa mkono tu. Sasa alikuwa anavitazama vile vidole.

Wakili alikuwa amekunja uso. "Kuna cheti?"

"Hakuna," fundi cherehani akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuja kwa wazazi wangu. Cheti kilikuwa kifuate."

"Sisi tunamtambua," wifi akasema. "Tunatoa ushahidi hata kesho."

"Ninyi hamtoshi. Msimamizi wa mirathi ni huyu." Wakili akamgeukia Mama Wanga, na ikaonekana hakuipenda kazi yake asubuhi ile. "Mama, sikiliza vizuri. Ukimtambua kuwa mke mwenzio, fungu nitaliandika kwa majina mawili. Ukimkana, hana cheti, hana karatasi ya mahakama, siwezi kumwandika. Nitaandika jina lako peke yako. Mimi sitakuuliza mara mbili."

Mwenyekiti akaegemea kiti. Mtego wake ulikuwa mzuri hata aliyenaswa angeweza kuusifia. Majina mawili, kauli mbili. Mmoja akishawishiwa aseme uza, mwingine akisema usiuze, fungu linakuwa bubu, na tajiri wa mafuta analeta mashine za kubomoa. Na ukimkana? Mama Wanga alimwona shemeji yake akimtazama kwa utulivu wa mtu anayemjua. Alikuwa amepiga dau kwa wema wake. Watu wote wa jengo lile walijua Mama Wanga hasemi uongo. Aliwahi kumrudishia mteja kifungo kilichodondoka mashineni, akatembea nacho mpaka mjini.

Akafikiria chumba chake, dirisha linalopata mvuke kila alfajiri. Akafikiria wapiga pasi walioko chini, wajane watatu kati yao, waliokuwa wameacha kuongea ili wasikilize dari. Akafikiria umri wake.

Fundi cherehani alikuwa anamtazama. Haikuwa kwa chuki. Alimtazama kama mtu aliyebeba salamu na anangoja nafasi ya kuzitoa.

"Simjui," Mama Wanga akasema.

"Shemeji," Mwenyekiti akasema.

"Simjui mwanamke huyu. Mume wangu alikuwa na nyumba moja."

 Fundi cherehani akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mteja aliyeambiwa nguo yake haijawa tayari. Akatoka. Aliufunga mlango kwa adabu, polepole, kitasa kisilie.

Wakili akaandika jina moja. Mama Wanga akatia sahihi, na safari hii mkono haukuteleza. Akaulizwa habari ya kiwanja, akasema hakiuzwi. Basi. Wifi akalitafuta tusi akalikosa, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu aote meno. Mwenyekiti ndiye aliyepata neno. Alimkazia macho, na katika macho yale mlikuwa na kitu kilichofanana na heshima, na hicho ndicho kilichomuumiza zaidi.

"Sikujua unaweza," akasema. "Baba angekupenda."

Mama Wanga akashuka. Mwanamke yule alikuwa bado chini, kwenye kaunta ya kupokelea nguo, ameshika ukingo wa kaunta kama aliye melini. Wapiga pasi walikuwa wameinamisha vichwa, pasi zikienda na kurudi juu ya nguo moja ileile.

"Dada," fundi cherehani akasema. "Sikuja kwa hisa. Hata sijui ni nini. Yule wifi alikuja kwangu akaniambia wewe ndiye umeniita. Kwamba umesema tumalize msiba pamoja, sisi wawili, kwa sababu mimi sikupata hata pa kukaa kumlilia."

Mama Wanga akalitazama lile gauni la kijivu.

"Nilifurahi," yule mwanamke akasema. "Nilisema, kumbe ana moyo. Nikashona hili gauni."

Juu zilisikika nyayo za wakili zikitembea kati ya meza na kabati. Alikuwa bado anakusanya karatasi zake. Ngazi zilikuwa pale pale, nyuma ya mgongo. Mtu akipanda, akisema neno moja, karatasi ile inachanwa inaandikwa nyingine, majina mawili, na baada ya muda si mrefu hapa panakuwa uwanja mtupu wenye harufu ya mafuta. Mama Wanga aliweka mkono kwenye reli ya ngazi. Ilikuwa bado na joto, maana bomba la mvuke lilipita nyuma yake.

"Samahani," akasema hatimaye. "Ulikuwa na mkono mzuri. Wa pasi."

Fundi cherehani alimwangalia, akaelewa, uso wake ukabadilika. Afadhali angetukana. Alijifunga mtandio vizuri kichwani, akatoka nje kwenye jua, akipita kandokando ya ukuta.

Mlango wa chumba cha boila ukafunguka. Moshi, fundi wa boila, mzee aliyeungua nyusi tangu enzi za Dobi Mkuu na zikakataa kuota tena, akatoa kichwa. Alikuwa ameuzima moto kwa ajili ya kikao, ili wakubwa wasipate joto huko juu, na habari za juu zilikwisha kumfikia, kwa kuwa katika jengo lile habari zilipita kwenye mabomba.

"Bosi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Shuka za hospitali zimeletwa. Niwashe?"

Mama Wanga bado alikuwa ameshika reli. Juu, mkoba wa wakili ukafungwa, ukalia kliki.

"Washa," akasema.