Shibiri Moja Juu ya Tatami

Siku za Jumatano na Jumamosi huko Rumonge, mashine ya kukamua mawese ikishazimwa, Mulamba alifungua ghala la nyuma na kufagia tatami, mkeka wa kuchezea judo. Haikuwa tatami ya dukani. Ilikuwa magunia ya pumba za mpunga yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, na juu yake turubai la bluu lililokazwa kwa kamba za nyavu kuukuu. Mtu akianguka vizuri, magunia yalitoa mlio mmoja mzito. Akianguka vibaya, pumba zilitoka. Mulamba alikuwa Mkongomani wa Uvira, aliyeuza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, asubuhi na kufundisha judo jioni, na wachezaji wake walimwita Mwalimu hata walipomkuta sokoni na beseni la ndagala kichwani.

Jumatano moja ya mwaka wa tisini na saba, Kulthumu alirudi mazoezini baada ya kukosekana kwa muda mrefu. Mulamba hakumuuliza kitu. Alimwambia Cubaka, kijana mzito aliyebeba mapipa ya mawese, amwangushe. Cubaka alishika kola na mkono wa kimono, akageuka, akamvusha kiunoni. Lilikuwa angusho safi. Kulthumu alizunguka hewani, akashuka kwa mgongo, akakoma shibiri moja juu ya turubai. Alibaki pale, amelala juu ya hewa, na magunia hayakulia.

"Rudia," Mulamba alisema.

Cubaka alirudia. Ikawa vilevile.

"Mugongo yake haifiki, Mwalimu."

"Naona. Ni tangu lini?"

Kulthumu aliketi, akaukaza mkanda wake wa bluu. "Tangu Amuri achukuliwe," alisema. "Nyumbani tumeshazoea."

Amuri alikuwa kaka yake, na ndiye aliyemleta klabuni akiwa bado msichana wa shule. Mwaka uliotangulia, wakati wa mvua, askari walikuja Rumonge kutafuta waasi. Waliwatoa watu wa kartiye ya Waswahili, mtaa wao, majumbani, wakawapeleka uwanja wa mpira, na ofisa mmoja mwenye sauti nzuri akawaambia walale chini, kwa mgongo, watazame juu, ili nyuso zao zionekane. Nyasi zilikuwa zimelowa. Amuri alilala kando ya Kulthumu na kumshika mkono wa gauni, vidole vinne ndani na dole gumba nje, kama wanavyoshikana wachezaji wa judo kabla ya kuanza. Ofisa alipita taratibu kati ya mistari. Alipomfikia Amuri, alimtazama kwa muda, kisha akawaonyesha askari wake kwa kidevu. Waliinua wanaume kadhaa namna hiyo, wakawapakia kwenye lori. Lori lilifuata barabara ya ziwa. Mvua ilipokatika, waliobaki waliambiwa waende nyumbani.

Tangu siku hiyo mgongo wa Kulthumu haukugusa tena mkeka. Mama yake, Zena, aliyekuwa fundi cherehani, ndiye aliyeligundua hilo asubuhi alipokwenda kumwamsha. Alipitisha mkono kati ya mwanawe na mkeka. Hapakuwa na kitu, ila palikuwa na joto. Aliipima ile nafasi kwa kiganja, kutoka chini hadi juu, kisha akarudia kuipima.

"Ni kifua cha Amuri," alisema. "Nimemushonea mashati tangu utoto."

Alikwenda kuchemsha chai, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Tatizo lilikuwa upepo tu uliopita chini, nalo alilitatua kwa kuchomeka blanketi.

Sasa, katika judo mgongo ndio kila kitu. Ukitupwa kwa nguvu ukafika chini kwa mgongo, mwamuzi anainua mkono na kusema "ippon", na pambano limekwisha. Ukibanwa mgongo ukiwa umelala, hata kama huumii, sekunde zinahesabiwa na umeshindwa. Mulamba aliketi kwenye kizingiti cha ghala, akalifikiria jambo hilo wakati wengine wakikunja kimono zao.

"Kulthumu," alisema mwishowe, "mashindano ya nchi iko Bujumbura mwezi wa sita. Mushindi wa kila uzito anapelekwa inchi ya nje, Libreville, kushindana. Wewe hakuna mutu wa kukushinda."

"Si mimi nitakuwa nimeshinda, Mwalimu. Ni yeye."

"Alikuwa muchezaji wangu pia." Mulamba alishusha sauti. "Na ukifika kule, usirudi. Dada yangu anaishi Libreville, anauza vitambaa. Utalala kwake. Hapa unangojea nini?"

Kulthumu alimweleza mama yake. Zena alikuwa anatarizi ukingo wa kofia na hakuinua uso.

"Nenda," alisema. "Umupeleke. Tangu mutoto alikuwa anataka kupanda ndege."

Basi walifanya mazoezi. Kulthumu hakutaka kushinda kwa kuning'inia hewani, kwa hiyo Mulamba alimfundisha kufagia miguu, kuvunja mizani ya adui, kumgeuza akiwa amembana. Alikimbia asubuhi kwenye mchanga hadi mahali mashua zilipofungwa, akala mihogo bila mafuta ili abaki katika uzito wake. Jioni Cubaka alimtupa, na kila alipomtupa alisema taratibu, "Samahani, Amuri," kwa sababu walikuwa marafiki.

Walisafiri na msafara wa magari, askari mbele na askari nyuma. Njiani, pale Magara, walisimama kwa muda kwa sababu gari lililotangulia lilikuwa limechomwa na bado linatoa moshi. Wanawake waliendelea kuuza samaki wa mikeke wa kukaanga kando yake. Mulamba alinunua mmoja, akamnyima Kulthumu kwa ajili ya uzito.

Bujumbura, kwenye ukumbi wa michezo, walimpima. Mizani ilimhesabu yeye peke yake, na akaruhusiwa kucheza.

Katika pambano la kwanza alitupwa mapema. Mwamuzi aliinua mkono nusu, akausitisha, akachuchumaa. Aliinamisha kichwa mpaka akaona upande wa pili wa ukumbi kupitia chini ya mgongo wa Kulthumu.

"Haikugusa," alisema. "Endeleeni."

Kulthumu aliinuka, akamfagia miguu msichana yule, akapata ippon yake mwenyewe. Katika nusu fainali alibanwa karibu pambano zima. Mpinzani alimlalia kifuani kwa nguvu zake zote, jasho likimdondoka, na sekunde hazikuhesabiwa. Msichana alipochoka, Kulthumu aligeuka, akamlalia yeye, na sekunde zikahesabiwa.

Kocha wa yule msichana alipeleka malalamiko. Kamati ilikuwa na watu watatu nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani: daktari, mama mmoja katibu, na rais wa ligi, ambaye watu walimwita Kapiteni Hyacinthe ingawa siku hiyo alikuwa amevaa suti. Watazamaji walitumia nafasi hiyo kwenda kununua sambusa. Kapiteni alishuka mpaka kwenye tatami, akavua viatu kama inavyotakiwa, akamsogelea Kulthumu.

"Lala," alisema. "Kwa mgongo. Tazama juu."

Siku ile uwanjani ofisa hakuwa ametaja jina lake. Lakini Kulthumu alikuwa ameshalala kabla hajajua kwa nini. Magoti yake yalikuwa yameitambua sauti. Alitazama taa za dari, na kwa mara ya pili maishani mwake alimwona mtu yule kutokea chini: kidevu, matundu ya pua, mkono ulioshika tai isining'inie.

Kapiteni alipiga magoti, akaingiza mkono katika ile nafasi. Katikati mkono ulisita. Aliutoa.

"Iko joto," aliwaambia wenzake.

"Huyu ni wa tatu mwaka huu," alisema mama katibu. "Kulikuwa yule kijana wa Kabonga, na yule wa Bugarama."

"Yule wa Bugarama alikuwa juu zaidi," daktari alikumbuka. "Karibu mita."

"Alikuwa na familia kubwa," mama katibu alisema.

Kapiteni alipangusa vidole kwa leso. "Unatoka wapi, dada?"

"Rumonge. Kartiye ya Waswahili." Kulthumu alikuwa bado amelala. "Huyu ni kaka yangu. Anaitwa Amuri. Mulimupeleka wapi?"

Mwamuzi alitazama saa ya ukutani. Daktari alitafuta kitu mfukoni. Kapiteni Hyacinthe aliikunja leso mara mbili, kwa uangalifu, akairudisha mahali pake.

"Inuka," alisema. "Utapata baridi."

Kisha alirudi mezani, wakazungumza Kifaransa kwa sauti ya chini. Hawakuchukua muda mrefu. Mama katibu alisimama na kipaza sauti, akatangaza kwamba matokeo yaliyopita hayaguswi, ila kuanzia fainali kutakuwa na sheria mpya, ili michezo iwe ya haki kwa wote: kilicho kati ya mgongo wa mchezaji na tatami kitahesabiwa kuwa ni tatami.

Mulamba alivuka kamba, jambo ambalo kocha haruhusiwi. "Mama," alisema, "mutu hawezi kuwa tatami."

"Mwalimu, tunakuelewa. Lakini sasa ni sheria."

"Alikuwa na mukanda wa kahawia huyo mutoto, Amuri!"

"Murakoze, asante, Mwalimu. Rudi nyuma ya kamba."

Alirudi. Alimfunga Kulthumu mkanda upya, ingawa haukuwa umelegea, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. "Basi usianguke tu," alimwambia. "Hakuna ingine."

Fainali ilikuwa na Benita, msichana wa chuo kikuu mwenye kimono nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi. Alikuwa mchezaji mzuri na hakuwa na kosa lolote. Kulthumu alipigana kama hajawahi kupigana. Alimvuta, akamsukuma, akamfagia mguu wa kulia hadi goti lake likagusa chini, akapata alama. Ukumbi ulianza kupiga makofi kwa mdundo. Muda kidogo tu ulibaki. Angeweza kurudi nyuma na kukwepa, kama wengi wanavyofanya wakiwa mbele, na Libreville ingekuwa yake. Lakini Kapiteni alikuwa amesimama mezani ili aone vizuri, na jicho la Kulthumu lilimfuata, mara moja tu. Benita aliingia kwa kiuno.

Lilikuwa angusho la kuonyeshwa watoto. Kulthumu alishuka kwa mgongo, akakoma shibiri moja juu. Mwamuzi hakuchuchumaa safari hii. Aliinua mkono moja kwa moja.

"Ippon."

Benita alikuwa ameanguka pamoja naye, kifua juu ya kifua. Kabla ya kuinuka alihamisha kiwiko chake, akakitua mbali kidogo, kama mtu anayejitahidi asimwamshe aliyelala. "Pardon," aliomba radhi kwa kunong'ona, na hakuwa anamwambia Kulthumu.

Medali ziligawiwa na rais wa ligi. Ya Kulthumu ilikuwa ya fedha, na utepe wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo Kapiteni alilazimika kumsogelea sana ili amvishe.

"Umepigana vizuri," alisema.

"Wapi, Kapiteni? Niambie pahali tu. Mama yangu hana pahali pa kumuombea."

"Umepigana vizuri," alirudia, kwa sauti kubwa zaidi, akampa mkono akimwelekea mpiga picha.

Kulthumu alirudi Rumonge. Zena alikuwa kwenye cherehani yake barazani. Aliitazama medali, akaipima uzito kiganjani, akaiweka juu ya meza kando ya mkasi.

"Nimemuona yule wa uwanjani," Kulthumu alisema.

Mguu wa Zena uliacha kukanyaga cherehani. "Iko na jina?"

"Hyacinthe."

"Ulimuuliza?"

"Mara mbili, Mama."

"Alisema nini?"

"Alisema nimepigana vizuri."

Zena alingoja, akidhani kuna zaidi. "Na Amuri?"

"Wameamua kwamba ni tatami."

Zena alitoa kitambaa chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akatoka nyuma ya nyumba kwenye shamba dogo la mihogo, akasimama huko peke yake. Kulthumu alimsikia akisema, si kwa kupiga kelele, kwamba mtoto wake hakanyagwi, kwamba alimzaa kwa uchungu wa siku mbili na hakanyagwi. Majirani walisikia pia. Wote walikuwako uwanjani siku ile, na hakuna aliyeuliza ana nini.

Benita alikwenda Libreville, akatolewa katika pambano la kwanza, akarudi, kwa sababu yeye alikuwa na pa kurudi.

Kapiteni Hyacinthe alichaguliwa tena kuongoza ligi. Sheria ile ilipigwa chapa na kutumwa klabu zote, na kwa kuwa kando ya ziwa wachezaji wa aina hiyo waliongezeka, ikaingizwa katika mtihani wa mkanda wa kahawia. Mulamba aliwafundisha wanafunzi wake jibu kama lilivyoandikwa, kisha alikwenda kusimama nje.

Kulthumu alifanya mtihani huo mwaka uliofuata, mbele ya mtahini mpole aliyeletwa kutoka mjini. Alionyesha maangusho ya mikono, ya kiuno, ya miguu. Alilala akabanwa, akajikwamua. Mwisho mtahini alimuuliza kati ya mgongo wa mchezaji na tatami kuna nini.

"Amuri," alijibu, "mutoto wa Zena."

Mtahini alimkata alama moja, akamfunga mkanda.