Sipitishi

Nilimwambia Meja Venanti mbele ya watu kwamba helikopta ile haiendi popote. Sikunong'ona. Mimi Sajini Stumai, fundi wa ndege, mtoto wa Handeni niliyeletwa kwenye baridi ya Kibondo, kunong'ona sikujui.

Pampu ya haidroliki ilikuwa inavuja. Ikigoma angani, rubani anabaki na usukani mgumu kama shoka lililonasa gogoni, na chini ni vilima vitupu. Pampu mpya tuliiomba tangu masika. Kila tukipiga simu makao makuu, jibu ni "iko njiani." Siku moja boksi likafika Kasulu, tukalifuata na lori tukiimba. Kulifungua, lahaula! Taa za trekta.

Helikopta tunazo mbili. Moja tumeivua kila kitu tukaivisha mwenzake, imebaki bodi na viti. Na hapo ndipo tulipojiroga wenyewe, maana kwa kuwa moja ilikuwa inaruka, makao makuu walituambia, "Si mnaruka? Pampu ya nini sasa?"

Siku hiyo mgeni mkubwa alikuwa Kasulu, anangoja azungushwe juu ya mji. Kapteni Elieth, rubani wetu, alishavaa kofia. Ana mtoto anayenyonya, Elieth huyu. Nilivyomtazama nikapandwa na hasira.

"Ipitishe iruke, Sajini," Meja akasema.

"Sipitishi, afande."

"Hiyo ni amri!"

"Hapa kikosini fundi akiipitisha ndege, yeye ndiye anapanda wa kwanza. Desturi yetu hiyo, afande. Mimi sipandi. Ipitishe wewe basi, upande na Kapteni."

Meja akautazama mlango wa helikopta, akayatazama mafuta yaliyodondoka chini yake. Kupanda? Thubutu!

"Mwekeni ndani huyu!" akafoka.

Nikaenda kwa miguu yangu mwenyewe, kidevu juu. Mahabusu ya kambi ni chumba kimoja tu, sakafu inauma baridi. Nikakaa nasikilizia injini. Hofu yangu ilikuwa Japhet, fundi mwenzangu, mpole mno, Meja akikohoa tu yeye anasimama wima. Japhet akiipitisha, Elieth anaruka.

Mlango ukafunguliwa. Japhet akasukumwa ndani, jasho linamtiririka.

"Nimekataa, dada," akasema. "Nimesimama wima, lakini nimekataa."

Nilimkumbatia nikalia, sioni haya kusema. Hatujakaa sawa, akaletwa William, fundi wa umeme, naye kakataa, anacheka peke yake. Kisha Elieth mwenyewe, kofia kwapani.

"Sogeeni huko, na mimi nikae," akasema.

Meja akabaki nje ya mlango, simu sikioni. Tulimsikia vizuri sana. "Ndiyo, mkuu. Hapana, mkuu. Hatuna inayoruka. Hata moja, mkuu."

Tangu masika, ndiyo kwanza makao makuu waliambiwa ukweli. Tukampigia makofi humo humo ndani, apende asipende.