Divai Yenye Moshi

Marguerite alikasirika tangu mlangoni. Mgeni gani huyu anayekaribishwa kinywaji na mwenye nyumba, naye anaisukuma glasi kwa kidole kama mtu aliyepewa dawa ya minyoo? Fabrice, baba mdogo wa bwana harusi Glody, alikuwa ametoka Salamabila na watu wake kwa pikipiki tatu kuleta mahari ya Victoire, binti wa Marguerite. Kabla hata hajakaa vizuri akasema wao hawanywi maji ya majani. Wameleta divai ya Ulaya.

Maji ya majani! Divai nyekundu ya Marguerite, Kasongo nzima inaijua. Huchemsha maua mekundu, machachu, ya ngaingai, hutia sukari na tangawizi, huiacha kwenye bido, dumu la plastiki, mpaka ikomae. Ndiyo iliyomlea Victoire baada ya baba yake kufa, ikamsomesha mpaka akapata diploma. Leo inasukumwa kwa kidole. Alimeza hasira kwa ajili ya mtoto tu, maana mahari ikiharibika mbele ya wakwe, Victoire ndiye atakayebaki na aibu.

Ilikuwa imekubaliwa kwamba Victoire aonje divai, kisha ampe mama yake glasi. Mama akinywa, ndoa imepita. Lakini Fabrice alipofungua chupa yake yenye karatasi ya dhahabu, alimmiminia mama kidogo kwanza, eti ajue wenzake wanakunywa nini.

Marguerite akaonja. Ukali ukamkamata pembeni mwa ulimi, tangawizi ikafuata kooni, halafu utamu kidogo. Mwisho kabisa, moshi. Mwaka huu mvua ilikataa kukatika, akakausha maua juu ya mafiga, yakashika moshi. Aliona aibu wiki nzima kabla ya kuwauzia wachuuzi wa Salamabila bido zile. Duniani hakuna mwingine mwenye kosa hilo.

Damu ikampanda. Akamuuliza Fabrice, taratibu kabisa, divai hii ikoje. Fabrice akaisifu: nzito, ina moshi wa mapipa ya wazungu, mtu wa huku hawezi kuitengeneza hata afundishwe. Marguerite akamwacha aseme mpaka akachoka. Kisha akaingia ndani, akatoka na bido yake, akammiminia. Fabrice akanywa, akarudia ya chupa yake, akanywa tena ya bido. Uso ukamshuka.

"Umekuja kunitukana kwangu, tena kwa divai yangu mwenyewe," Marguerite alisema. "Nani alikufundisha kuikataa kabla ya kuionja?"

Fabrice aliiweka glasi chini.

"Mama, usinikasirikie mimi. Mutoto wako mwenyewe njo alitutumia habari. Alisema tusikubali utoe yako, watu watamucheka."

Hasira yote aliyokuwa amemwekea mgeni ikakosa pa kwenda, ikamrudia kifuani ikamchoma. Alimgeukia Victoire. Binti alikuwa amesimama na glasi ya desturi, imejaa divai ya chupa, akimnyooshea. Marguerite hakuipokea.

"Onja kwanza. Kisha uwaambie hawa watu ni ya nani."

Victoire akaonja. Alikawia kumeza.

"Ni yako, mama."

"Hawakusikia."

Akarudia kwa sauti, machozi yakimtoka, wakwe wote wakimtazama. Ndipo Marguerite akaichukua glasi, akainywa mpaka tone la mwisho, na bado alikuwa amekasirika.