Mpumbavu Aliyeng'oa Mibuni

Rwegoshora aliogopa, na usimcheke, hata wewe ungeogopa. Mbele yake alikaa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, na nyuma yake watu wa Bugene nzima. Mahabusu ilikuwa hatua chache kutoka uwanjani, na humo ndani kaka yake Kamugisha alisikia kila neno na kuchungulia dirishani.

Mwaka huo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, watu wamechoka kuchuma bure. Kamugisha akang'oa mibuni yake, akapanda maharage ili watoto wapate kula. Serikali, iliyokataza kung'oa kahawa, ikamkamata, kisha ikaleta mchezo wa kuigiza ili wengine wajifunze. Karani Pastory alimwambia Rwegoshora waziwazi: "Wewe utacheza yule mpumbavu aliyeng'oa. Ukiwachekesha, kaka yako anatoka leo. Ukivuruga, anapelekwa gerezani Bukoba, na usiniulize atarudi lini."

Basi akacheza. Akang'oa miti ya uongo, akaanguka chali, akala udongo. Watu kimya. Bwana Shauri akatazama saa yake. Yesu na Maria! Maneno yakampotea Rwegoshora, na kwa hofu akafanya jambo ambalo hakufundishwa: akachechemea kwa mguu wa kulia, bega moja juu, kama anavyotembea Kamugisha.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzungu akapiga makofi. Rwegoshora akazidisha, akakohoa kikohozi cha kaka yake, akapiga magoti akilia, "Kosa langu, Bwana! Mimi mjinga kuliko mbuzi!"

Pastory hakudanganya. Alasiri hiyohiyo Kamugisha alifunguliwa. "Na wewe," karani akamwambia Rwegoshora, "kesho tunaupeleka mchezo Nkwenda. Usichelewe."

Kamugisha alipopita kwa mdogo wake, Rwegoshora alimkaribisha kwenye nyasi mpya alizotandika sakafuni kwa heshima ya mgeni. "Shikamoo, kaka." Akaleta kikapu cha kahawa za kutafuna, akatafuna yeye kwanza, kama afanyavyo kila mwenyeji ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha akakisogeza.

Kamugisha alikitazama kikapu, asinyooshe mkono.

"Tafuna, kaka, nakuomba. Niliogopa wasingekurudisha."

"Najua uliogopa."

Akainuka. Akachechemea taratibu hadi mlangoni, bega moja juu, akageuka.

"Umeniangalia vizuri?" akauliza. "Mguu ni wa kushoto. Leo ulikosea. Kesho huko Nkwenda, usikosee."