Sare ya Kuamshia Akaunti

Mie Sekela sina dogo. Siku meneja wetu Ansbert aliposoma ile kanuni mpya kwa sauti ya msibani, niligonga meza. Eti tawi ambalo zaidi ya nusu ya akaunti zake zimelala, yaani hazijaingia wala kutoka hela mwaka mzima, linafungwa siku mkaguzi akija kuhesabu. Za kwetu Chang'ombe zilikuwa zinakoroma kabisa! Na tawi likifungwa, mie nahamishiwa Mpanda, wakati harusi yangu na Brightson ni mwezi ujao. Yeye ana karakana ya kuchomelea mageti hapo nyuma tu. Karakana haihamishiki.

"Tuwaite wenyewe," nikasema. "Kila mtu aje na kitambulisho, hela iingie, akaunti iamke."

Nikaenda kwa Hamisa, mwenyekiti wa kina mama wa mtaa. Karibu wote walifungua akaunti kwetu, kisha wakazisahau.

"Shikamoo, mama. Niokolee harusi yangu."

"Marahaba, mwanangu. Siku ya ukaguzi asubuhi sie tumefika."

Siku ikafika. Asubuhi hakuja mtu. Mchana hakuja mtu. Mkaguzi, mama mmoja anaitwa Kokushubila, alikuwa ameshakaa pembeni akisubiri saa ya kufunga ahesabu akaunti. Nikampigia Hamisa.

"Mko wapi?"

"Kwa fundi! Sare ya mwenzetu Tabu bado mkono mmoja."

"Sare ya nini? Hii ni benki!"

"Si shughuli yako hii? Tuje hovyohovyo, watu watusemeje?"

Nilitaka kuitafuna ile simu.

Alasiri tukasikia vigelegele. Rangi ya chungwa ikajaa mlangoni, matarumbeta nyuma, na mlinzi wetu badala ya kuzuia akaanza kutikisa mabega. Unadhani walipanga foleni? Thubutu! Walikuja wanacheza mpaka dirishani kwangu, wakaanza kunitunza. Noti kichwani, noti kwenye kola, noti nyingine Hamisa akanibandika kwenye paji la uso. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Acheni!" Kokushubila akasimama. "Mhudumu haruhusiwi kupokea zawadi."

Matarumbeta yakakata. Ansbert akashika kichwa.

Hasira zikanipanda, na saa ilikuwa inakimbia. Nikawarudishia noti zao zote, nikapaza sauti: "Mama zangu, mie situnzwi! Tunzaneni nyie! Anayetaka kumtunza Tabu, amwekee kwenye akaunti yake. Tabu, lete kitambulisho!"

Nikamgeukia mkaguzi. "Mwenyewe yupo, kitambulisho kipo, hela inaingia. Kanuni inakataza?"

Akafunua kurasa zake taratibu. "Haikatazi."

"Mtunzeni Tabu!" Hamisa akapiga kelele, na matarumbeta yakalipuka tena.

Na kina mama wetu, ukimtunza mmoja, hakubali kulala bila kurudisha. Tabu akamtunza Mwanabaraka. Mwanabaraka akamtunza Hamisa kwa kiburi, Hamisa akaapa hawezi kuzidiwa ndani ya sare aliyoichagua mwenyewe. Mie na Ansbert tukawa tunagonga mihuri huku viuno vinacheza chini ya kaunta. Hatujawahi kuhudumia watu haraka vile, wallahi, na mie si Mwislamu.

Saa ya kufunga, Ansbert akamkabidhi Kokushubila takwimu. Akazisoma, akazirudia. Ukumbi mzima, rangi ya chungwa tupu, ukamsogelea.

"Zilizo macho zimezidi zilizolala," akasema. "Tawi linabaki."

Vigelegele vile sijui hata niwaelezeje. Nikafunga hesabu, nikavua viatu, nikakimbia peku mpaka karakanani. Brightson akazima mashine aliponiona.

"Wamekuhamisha?"

Nikamkumbatia na masizi yake yote, nikicheka, machozi yananitoka.

"Siendi popote," nikamwambia. "Brightson, siendi popote!"