Nthiwa na Tambi za Kinoo

Nthiwa alikuwa mtu wa kujua. Katika kampuni ya bima alikofanya kazi, kule Upper Hill, ukimuuliza njia ya kwenda Kitui atakueleza, ukimuuliza dawa ya mafua atakueleza, na asipokuwa na jibu ndipo maelezo huwa marefu zaidi. Basi mchumba wake Waithera alipomwambia kwamba mama yake, Virginia, amekubali kuonana naye Jumapili baada ya kanisa, Nthiwa hakusita.

"Tutampeleka kwa Mwitaliano."

"Mama yangu? Yule hata pilau haiamini!"

"Niachie mimi. Hiyo chakula naijua."

Alichokijua ni mkahawa mdogo wa Kinoo, juu ya duka la saruji na misumari, usiomtisha mtu wa mshahara. Mwenyewe, mzee Kitonga, alikuwa amewapikia Waitaliano wa Malindi miaka mingi kabla ya kurudi bara, na tambi zake alizikanda kwa mkono, unga na mayai, akazikata ndefu na pana. Nthiwa alikuwa amepita chini ya madirisha yale mara nyingi. Kupanda ngazi, bado.

Virginia alikuja kutoka Waithaka na suti yake ya kanisani. Alikuwa nesi mstaafu, mpole wa maneno.

"Nyumbani ni wapi?" aliuliza.

"Machakos, Mama."

"Haya."

"Haya" ile haikuwa na mlango wala dirisha. Nthiwa akashukuru sahani zilipofika, tambi zikifuka mvuke chini ya nyama iliyopikwa hadi ikalegea. Virginia akachukua uma, akaanza kuzikatakata.

"Pole Mama, hizi hazikatwi," Nthiwa akasema. "Mwitaliano akiona hivyo atalia. Unasimamisha foko hivi, unazungusha hivi..."

Akazungusha. Fundo likanenepa kama kiota cha ndege. Angeacha, lakini wanawake wawili walikuwa wakimtazama, akaendelea hadi nusu ya sahani ikaning'inia kwenye uma. Kuirudisha kungekuwa aibu. Akaachama, akaisukuma yote ndani. Tambi moja ikabaki kidevuni. Akaifyonza kwa nguvu, ikapita njia ya hewa.

Alikohoa hadi meza ikacheza. Virginia akazunguka, akamwinamisha, akamtwanga mgongoni kwa kiganja kilichozoea watoto wa wodini. Alipoinua kichwa, pumzi zilikuwa zimerudi. Tambi nayo ilikuwa imechungulia puani.

Waithera alijifunika uso. Virginia akashika ile ncha kwa kitambaa cha karatasi.

"Tulia. Usivute pumzi."

Akavuta polepole, kama anayetoa mpira wa kulishia mgonjwa. Ilikuja. Ikaendelea kuja. Machozi yakimtoka, Nthiwa alijiona vizuri kabisa: mwanamume mzima, tai mpya shingoni, anavutwa tambi puani na mama wa msichana anayetaka kumwoa. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

"Mama, nisamehe. Sijawahi kula hii kitu. Nimejifunza jana kwa simu. Nilikuwa nafanya mazoezi na kamba za viatu."

"Kamba za viatu?"

"Za raba. Nilikuwa nazizungusha kwa bakuli."

Virginia alishika ukingo wa meza. Mabega yalianza kutikisika, kisha akacheka mpaka mzee Kitonga akatoka jikoni kuona kuna nini. Waithera alifunua uso. Hakuwa amesikia kicheko hicho tangu wamzike baba yake.

Virginia alipojifuta macho, aliivuta sahani ya Nthiwa, akazikatakata tambi zote ndogondogo, akamrudishia pamoja na kijiko.

"Kula polepole, baba. Na unyamaze."

Nthiwa akala, akanyamaza. Zilikuwa tamu ajabu. Kwa kuwa hakusema, alisikia mengi: jinsi Virginia alivyoogopa sindano mwaka wake wa kwanza kazini, jinsi marehemu mumewe alivyomposa huku ana mafua, akipiga chafya kila akitaja ng'ombe.

"Wazee wenu wakikuja," Virginia akasema mwishowe, "waambie nitawapikia mukimo."

"Asante, Mama," Nthiwa akasema.

Akaomba ruhusa, akaenda msalani kunawa uso na kupenga kamasi. Kikatoka kipande kingine. Hicho hakumwonyesha mtu.